Ukuta Wangu Uko Wima

Tarehe 2, mwezi wa tatu

Nina miaka sabini na minane, na anayebisha aje anione nikipanda ngazi. Nimeishi kuwazidi fundi aliyenifundisha uashi, kaka zangu wote, mtoto wangu wa kwanza, na daktari aliyesema moyo wangu hautauona mwaka mwingine. Nimekizidi hata kiwanda cha matofali kilichokuwa kikiringia bomba lake refu la moshi. Leo bomba halipo, mimi nipo. Na nyumba yangu ipo, niliyoijenga kwa mikono hii hii wakati wenzangu wakinywea mishahara yao.

Kusoma nilijifunzia kwenye mifuko ya saruji, ndiyo maana herufi zangu ni kubwa. Naandika habari za mvua za mwaka huu kwa sababu ndani ya nyumba kumeingia ubishi, na mimi sitaki mtu aje kusema baadaye kwamba sikusema.

Ubishi ni huu. Mke wangu anasema anasikia maji yakipita chini ya kitanda. Kitanda chetu kimegusa ukuta wa nyuma, ule unaotazama mteremko. Nimemwambia ni panya. Ameniuliza tangu lini panya wakatiririka.

Tarehe 5

Mvua ya kwanza ya maana. Barabara ya juu waliipandisha kifusi mwaka jana, na mtaro wakauacha nusu, kwa hiyo maji yote ya mtaa yanakuja kutusalimia. Msingi wangu hauna wasiwasi. Niliuchimba mpaka vibarua wakauliza kama natafuta madini.

Tarehe 6

Ufa mwembamba kama uzi, ukuta wa nyuma, usawa wa mto wa mke wangu. Ni lipu tu imechoka. Nimeuziba kabla chai haijapoa.

Tarehe 8

Mvua. Hakuna jipya.

Tarehe 11

Mlango wa chumba unakwaruza sakafu. Fremu yake imeshikana na ule ukuta wa nyuma. Nimemwita Randa.

Randa ni seremala, kaka yake mke wangu. Ni mjane, anaishi nyuma ya karakana yake, mtaa wa pili. Jina la Randa nilimpa mimi, kwa sababu akikaa na mtu anamparua kwa maneno mpaka anabaki ganda. Tumetaniana tangu siku nilipokwenda kuposa. Siku hiyo alimwambia baba yake asikubali, mwashi huyu atamzungushia dada ukuta. Mpaka leo akija anagonga mlango na kuuliza kama mfungwa yupo.

Ameung'oa mlango, ameuparua chini, ameurudisha. Halafu akasimama akiutazama, hakuondoka.

"Shemeji, mlango huu nimeutengeneza mimi, kwa mti mkavu. Hauvimbi."

Nikamjibu mbao ni mbao, ikiona maji inakunywa. Akasema mlango haujanywa kitu, aliyelewa ni ukuta. Tukacheka, hata mke wangu alicheka. Alipokwenda, mke wangu akaniuliza kama nilimsikia kaka yake alichosema. Nikamwambia nimemsikia, alikuwa anatania. Akasema yeye hakusikia utani.

Tarehe 15

Mvua tangu alfajiri. Kuku wamegoma kutoka.

Tarehe 19

Ufa umerudi, kando ya pale nilipoziba. Sasa ni wa kuingiza ukucha. Nimeamua kuukomesha. Nimebandua lipu iliyolegea, nimepiga lipu mpya ukuta mzima kuanzia dari mpaka sakafu, nimeunyoosha kwa ubao mrefu. Watu wa umri wangu wanashikwa mkono kwenda chooni, mimi nimepiga lipu ukuta mzima na mgongo haukulalamika. Umelalamika kidogo jioni.

Kwa chini lipu imekula saruji nyingi kuliko nilivyofikiri.

Tarehe 20

Ukuta unapendeza kama shuka iliyopigwa pasi. Mke wangu ameutazama, akasema ni mzuri. Halafu akauliza: na maji je? Mtu unampa ukuta mpya, anakuuliza habari za panya.

Tarehe 24

Mlango umegoma tena. Nimeandika mistari michache tu siku zilizopita, leo nitaandika mingi, kwa sababu leo nimetukanwa ndani ya nyumba yangu.

Randa amekuja na randa yake, lakini safari hii hakuanza kazi. Ameweka pembemraba kwenye kona ya fremu, akaniita nione. Fremu imelala. Nikamwambia uliiweka vibaya. Akasema mlango huu umefunguka na kufungwa tangu watoto wenu wanatambaa, leo ndiyo umekumbuka kwamba niliuweka vibaya? Nikasema mbao zina siku zake.

Kubishana na seremala juu ya ukuta ni kazi bure, nikaleta shahidi asiyekula rushwa. Nimechukua timazi yangu, ile ya shaba niliyoachiwa na fundi wangu. Nimegonga msumari juu karibu na dari, nikaishusha kamba mbele yao wote wawili. Tukangoja itulie. Kamba ikaubusu ukuta toka juu mpaka chini, hapapiti hata wembe. Nikawaambia tazameni kwa macho yenu. Wima.

Randa akapapasa ukuta, kisha akaubisha kwa vidole kama mtu anayebisha hodi, juu, katikati, chini.

"Umepima lipu, shemeji. Ukuta uko ndani."

Nilimwambia nimejenga nusu ya mji huu na yeye hajajenga hata kibanda cha bata. Nilimwambia arudi kwenye vumbi lake la mbao. Sikumwambia kwa utani, na yeye alijua. Akakunja vitu vyake polepole.

Mke wangu alikuwa amekaa kitandani. Huwa haingilii tukianza sisi wawili. Leo ameingilia. "Wewe unaona kwa macho, yeye anaona kwa mikono, mimi nasikia. Kwa nini ni macho yako tu yanayosema kweli?"

Nikamwambia kwa sababu ndimi niliyejenga. Ametandika mkeka jikoni, anasema anataka kuwa karibu na moto.

Tarehe 26

Mvua. Amelala jikoni.

Tarehe 27

Mvua. Amelala jikoni. Nimelala vizuri.

Tarehe 1, mwezi wa nne

Nimetaka ubishi uishe kistaarabu, kwa hiyo nimemwita mtu wa kati. Kiroboto. Nilimfundisha kazi mwenyewe, akiruka huku na huku hashikiki. Sasa ni msimamizi wa majengo makubwa, ana kofia ngumu na watu wanaombebea vifaa. Amekuja kwa heshima zote, ameniamkia kwa mikono miwili.

Amezunguka nyumba nje kwenye tope. Ameingia chumbani, amekaa muda mrefu. Nikamwonyesha timazi. Kamba ikabusu ukuta kama siku ile. Nikamuuliza aseme mbele ya mke wangu, anaonaje.

Akatazama kofia yake. "Mzee, hapa mimi niseme nini? Kazi yote nimeijulia kwako."

Nimemwangalia mke wangu. Kiroboto amekunywa chai, mke wangu akamsindikiza hadi barabarani. Wamesimama pale wakizungumza, mvua ikiwanyeshea wote wawili, nafikiri anamuulizia watoto.

Aliporudi nikamwambia, umesikia mtaalamu? Akasema, nimemsikia. Akaanza kuhamisha nguo zake kutoka kabati la chumbani.

Tarehe 4

Hatusemeshani sana. Chakula kinaletwa. Chumvi iko sawa. Siwezi kusema ananikosea kitu.

Tarehe 9

Leo nilikwenda kumjulia hali mwashi mwenzangu wa zamani. Amelazwa kwa mapafu, hanijui tena, ananiita kwa jina la mtu tuliyemzika zamani. Nimekaa naye. Wakati wa kurudi nikapita bombani, wanawake waliokuwa wanachota maji wakanyamaza wote pamoja. Mmoja, yule mwenye mdomo, akaniuliza kama ni kweli nyumba ya fundi imeshika mikongojo.

Nilifika nikakuta miti miwili mikubwa imesimamishwa chumbani kwangu, miguu yake sakafuni, vichwa kwenye ukuta wangu mpya. Randa alipitia mlango aliofunguliwa na dada yake. Lipu imechubuka pale miti ilipobana.

Sijawahi kupigwa kofi ukubwani. Leo nimejua linavyokuwa.

Nimeitoa yote miwili peke yangu. Nimeiburuta mpaka karakana ya Randa, nikaitupa mlangoni kwake, mbele ya wateja. Nilimwambia akaegemeze jeneza. Alikuwa na penseli sikioni, akaitoa, akaiweka mezani. Hakusema neno. Randa, ambaye hajawahi kukosa neno tangu azaliwe.

Nilipogeuka nikamkuta mke wangu nyuma yangu na mfuko wa nguo kichwani. Nilidhani amekuja kunirudisha nyumbani. Alinipita, akaingia kwa kaka yake.

Tarehe 10

Kuku wamelishwa na mimi.

Tarehe 11

Nimelala vizuri.

Tarehe 13

Nimekisukuma kitanda kikabana ukuta kabisa, mtu akichungulia dirishani aone. Nimelala vizuri.

Tarehe 14

Mvua kubwa. Nimelala vizuri sana.

Tarehe 16

Ufa mpya, kwenye kona. Nimeziba. Mwaka huu simenti siyo ile ya zamani, wanachanganya na majivu.

Nimempigia simu binti yetu anayeishi mbali. Nilitaka amshawishi mama yake arudi. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza kwa nini nisihamie upande wa jikoni tu, kwa muda, bila kukubali kwamba wao wako sahihi. Nikamwambia kuhama ndiyo kukubali kwenyewe. Akasema, "Baba, hakuna anayeandika nani kashinda." Hawa watoto tumewasomesha na hawaelewi kitu.

Tarehe 18

Mwaka huu panya ni wengi.

Tarehe 19

Panya.

Tarehe 21

Nimepita karakana ya Randa, upande wa pili wa barabara, nikielekea dukani. Mke wangu alikuwa anafagia vumbi la mbao. Kaka yake alimtupia neno, akacheka mpaka akashika kiuno. Sikusikia ni neno gani. Nilisahau kilichonipeleka dukani, nikarudi.

Ningeweza kuvuka barabara. Naandika hili kwa kuwa nimesema nitaandika yote.

Tarehe 23

Mvua haikukatika. Maji ya mteremko yamefika kizingiti cha nyuma. Nimeyafagia.

Tarehe 29

Sikuandika siku kadhaa. Sasa naandika.

Tarehe 24, baada ya chakula cha mchana, mvua ilikuja ya kufunika kila kitu. Ukiwa ndani hukuweza kumwona kuku uani. Nilikuwa nimekaa kitandani, mgongo kwenye ukuta, kama nilivyokaa siku zote hizo. Randa akaingia bila kubisha hodi. Amelowa, maji yanamtoka kwenye ndevu, na begani mti mmoja kati ya ile miwili niliyomrudishia.

Akasema dada yake hajala tangu jana. Akasema tutoke, twende kwake, ubishi tutaumalizia kule mbele ya uji wa moto. Nikamwambia mimi nakaa kwangu. Akasema, "Shemeji, basi nimekubali. Ukuta uko wima. Mlango ni wangu, nimeuharibu mimi. Toka."

Hilo ndilo neno aliloniambia. Alikuwa amekuja kunipa ushindi wote, bure, ili nisimame. Na mimi nikaona ananidharau, ananisemesha kama mtoto anayedanganywa kwa pipi. Nikamwambia sihitaji huruma yake.

Akausimamisha mti. Ni mti mzito, kuubana kunataka watu wawili. Akaweka mguu wa mti kwenye sakafu, kichwa akakielekeza kwenye ukuta juu ya kitanda, ukawa unateleza kwa sababu sakafu ilikuwa imelowa. Ilikuwa imelowa kutoka chini, sasa niliona, maji yanapanda kwenye maungio kama jasho. Akabana mguu wa mti kwa kiatu chake. Akasema bila kugeuka, "Nishikie hapa, shemeji. Kidogo tu, nigonge kabari."

Nikasema, "Umeuleta mwenyewe, ushike mwenyewe."

Nikasimama, nikaenda mlangoni nimpe mgongo.

Ilianza lipu. Ilishuka nzima, kama karatasi kubwa, haikuvunjika. Najua nimeiona kwa sababu niligeuka kwa ile sauti. Lipu yangu ilisimama wima peke yake kwa muda wa mtu kuvuta pumzi, na nyuma yake nikauona ukuta wenyewe, umeinamia ndani kama mzee anayesikiliza. Kisha matofali.

Mti ulimfika kifuani. Nilichimba kwa mikono. Majirani walikuja na majembe, wakanivuta pembeni, nikarudi, wakanivuta tena. Walipomtoa alikuwa bado anapumua. Alijaribu kusema neno, akalikosa. Walimpakia kwenye mkokoteni, wakaufunika kwa turubai. Hakufika hospitali.

Tumemzika tarehe 26. Mvua ilipisha kwa saa moja, kisha ikaendelea.

Tarehe 2, mwezi wa tano

Mke wangu amebaki kwa kaka yake. Nimekwenda. Amenipa kiti. Akaniuliza kitu kimoja tu, kaka yake aliniomba nini mwisho.

Nikasema sikumbuki, mvua ilikuwa kubwa.

Akatikisa kichwa, siyo kwa kukataa, kama mtu aliyepokea mzigo. Akaendelea kuchambua mchele.

Tarehe 6

Kiroboto amekuja na watu wake kubomoa kilichobaki kabla hakijaangukia jirani. Aliokota kipande cha lipu yangu, akanipa. Upande wa juu unene wake ni kama ukucha. Upande wa chini ni kiganja kizima. Nilikuwa nimeunyoosha uso wa ukuta huku mwili wake unaanguka, na timazi ya fundi wangu nikaifanya ishuhudie.

Nilimuuliza siku ile mbona hukusema. Akavua kofia ngumu.

"Nilisema, Mzee. Nilimwambia mama pale barabarani, ahamie upande wa jikoni na akutoe na wewe. Kwako hapakuwa na mahali pa kulisemea."

Nikamwambia afadhali angenitukana. Akasema ndiyo, angeweza. Macho yake yalikuwa mekundu.

Tarehe 9

Mvua zimepungua. Ninalala jikoni. Siwezi kuandika nimelala vizuri.

Tarehe 14

Nimerudi kwa mke wangu. Njiani nilikuwa nimejipanga, nilikuwa na maneno. Karakana imefungwa, na mlango wa chumba chetu umeegemezwa nje, watu waliuokota kwenye kifusi. Ukiutazama kwa chini unaona jinsi alivyouparua, mshazari, upande mmoja zaidi. Alikuwa akiufuata ukuta unavyoshuka. Alikuwa ananichorea.

Nilikaa kwenye kile kiti. Nikamwambia aliniomba nimshikie mti. Kidogo tu, agonge kabari. Nikamwambia nilichomjibu, neno kwa neno.

Alikuwa anashona kitufe. Alimaliza, akakata uzi kwa meno.

"Najua," akasema. "Nilimfuata. Nilikuwa nje chini ya dirisha, naogopa kuingia msije mkabishana zaidi. Nilikuwa nangoja tu kama utaniambia."

Hakunifukuza. Hakuniambia nikae. Giza lilipokaribia alisimama akafunga dirisha, nikajua niondoke.

Tarehe 20

Jua. Nimeanua nguo mwenyewe.

Tarehe 27

Mvua za mwaka huu zimekwisha, na mimi nakoma kuandika hapa. Anayetaka kujua kama haya ni kweli, wapo wa kuwauliza. Kiroboto anacho kile kipande cha lipu, nimemwambia awaonyeshe wanaojifunza kazi kwake, na ataje jina langu. Wanawake wa bombani waliona nikiburuta miti. Mlango upo karakana, umeegemea pale pale, na aliyeuparua hasemi tena.

Na mke wangu. Yeye atayasimulia tofauti na mimi, ataanzia kwenye maji, mimi nimeanzia kwenye ukuta. Pale tutakapopishana shikeni neno lake. Alikuwa chini ya dirisha, na masikio yake ni mazima.